Upawa wa Tatu wa Mwenyekiti Nyani

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitikia kama mtu aliyelala na njaa? Hebu tena. Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, sasa tumeelewana. Sogeeni karibu. Aliyekula vitunguu akae upande ule. Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati nyani alikuwa na manyoya mwili mzima, mbele na nyuma, na nyuma nawaambia kulipendeza mno, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na shule.

Shule ilikuwa na mwalimu mkuu, Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja ili asije akaulizwa yuko upande gani. Ilikuwa na mpishi, Bi Nungunungu. Hakuna aliyethubutu kumkumbatia, lakini makande yake, lo! Harufu ilivuka mto. Na ilikuwa na Kamati ya Chakula. Na kamati ilikuwa na mwenyekiti. Na mwenyekiti alikuwa Nyani.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila Jumatatu mzazi alimpelekea mwenyekiti kibaba cha mahindi, naye akayafikisha jikoni. Mzazi asiye na kitu, sheria ilisema, mtoto wake ale bure. Sheria nzuri, siyo? Ila ilikuwa na mkia: lazima athibitishe mbele ya mwenyekiti kwamba kweli hana kitu.

Tena kabla watoto hawajapakuliwa, mwenyekiti alionja. Upawa wa kwanza, wa chumvi. Upawa wa pili, wa kujua kama maharage yameiva. Upawa wa tatu, wa wadhifa. Mimi sijui wadhifa una ladha gani, lakini upawa huo ulizama mpaka chini ya sufuria na kupanda na maharage yote manono. Alionja huku akiimba:

*Naonja kwa niaba, naonja kwa niaba,*
*mwenye tumbo lake asubiri!*

Basi, mwaka huo mvua ikapotea njia. Palikuwa na mjane mmoja, Mama Digidigi. Mumewe alikwenda mtoni kunywa maji siku ambayo mamba naye alikuwa anakwenda kula. Akabaki na binti mmoja, Tunu, mwepesi wa hesabu kuliko darasa zima. Shamba lao halikutoa hata punje.

Kila mchana wenzake walipopanga mstari na bakuli zao, Tunu alisimama kando akinusa. Wiki ya kwanza alinusa. Wiki ya pili alianguka darasani mara mbili. Mwalimu Korongo akamwita mama yake.

"Mama Tunu, mtoto akianguka mara ya tatu, bora umwache nyumbani. Ananikatiza kipindi."

Mama Digidigi akalia. Alipomaliza kulia akajifuta pua, akaenda kwa mwenyekiti, Korongo akimfuata nyuma.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi ya kuonja."

"Nyumbani sina kitu. Naomba mwanangu ale."

"Hee! Siku hizi kila mtu hana kitu. Lete chungu chako tukione."

Mama Digidigi akaleta chungu. Nyani akakigeuza, akakichungulia.

"Mbona kinang'aa? Tangu lini chungu cha maskini kikang'aa?"

"Kinang'aa kwa sababu tumekilamba, Mwenyekiti."

"Ahaa! Umesikia, Mwalimu? Kumbe kulikuwa na cha kulamba! Rudi nyumbani, mama."

Korongo akabadilisha mguu.

Siku ya pili Mama Digidigi akarudi. Nyani akasema, "Chungu kinaweza kudanganya. Lete tumbo la mtoto." Akamleta Tunu. Maskini, asubuhi ile mtoto alikuwa amekunywa maji vibuyu viwili ili kuihadaa njaa. Nyani akamgonga tumbo kwa vidole.

"Hili limejaa."

"Maji hayo, Mwenyekiti!"

"Mimi siyo mganga. Tumbo lililojaa limejaa. Rudini."

Siku ya tatu Nyani akataka shahidi. Mama Digidigi akamleta jirani yake Panya, ambaye mbavu zake ungezipigia zeze.

"Naapa hawana kitu hawa," akasema Panya.

"Na wewe umekula?"

"Tangu jana sijatia kitu mdomoni."

"Basi! Mwenye njaa husema lolote. Rudini wote, na mkipita nyuma msinikanyagie bustani."

Wakapita nyuma. Na huko nyuma ya nyumba Mama Digidigi akaona maghala. Moja, mawili, matatu. Yamejaa mahindi mpaka yanamwagika. Kumbe vibaba vya wazazi vilikuwa vinaonjwa kabla hata ya kufika jikoni! Hasira ikampanda mpaka masikioni, na mnajua masikio ya digidigi yalivyo. Hakulia tena. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Bi Nungunungu.

"Shoga, unampenda mwenyekiti?"

"Nikimwona tu miiba inasimama yenyewe."

Wakanong'ona. Walinong'ona nini? Tulieni, mbona mna haraka kama Nyani?

Kesho yake Mama Digidigi akamwendea Nyani, kichwa chini, sauti ya asali.

"Mwenyekiti, nimekosa. Umeomba ushahidi, mimi nakuletea vyungu na panya. Si heri kiapo cha mafiga? Atakayeapa kwamba nyumbani kwake hamna hata punje, apakuliwe yeye kwanza, sinia zima, kila siku mpaka mavuno. Sisi wanyonge tutaogopa."

Kiapo cha mafiga kilikuwa kiapo kikubwa pale bondeni. Mtu huketi juu ya jiwe la jikoni, akasema neno lake mara tatu mbele ya watu. Neno la figani halirudi, maana wote wanakula kutoka mafigani. Atakayeapa uongo hapakuliwi tena kutoka chungu chochote, mpaka kufa.

Nyani alisikia "sinia zima." Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile. Akawaza, "Nani atanikagua? Mkaguzi ni mimi."

Ijumaa akaita mkutano wa wazazi jikoni. "Ndugu wazazi," akasema, "nimefikiri sana, nikachoka kwa kufikiri." Akalitangaza shauri la Mama Digidigi kama lake. Kisha, kwa kuwa kiongozi ni mfano, akavaa gunia lililotoboka na kusema ataanza yeye.

Bi Nungunungu alikuwa ameepua sufuria wakati huo huo. Alilipangusa figa kwa kanga, kwa heshima zote, akamkaribisha.

Nyani akaketi.

"Yalaa!"

"Kuna nini, Mwenyekiti?" akauliza Mama Digidigi.

"Ha-hakuna kitu."

"Maana ukiinuka kabla ya mara ya tatu, sinia hakuna."

Nyani akang'ata meno. "Nyumbani kwangu hamna hata punje!" Moshi mwembamba ukatoka chini yake.

"Nyumbani kwangu hamna hata punje!" Panya akanusa, akamgeukia mpishi. "Bi Nungunungu, makande yanaungua?"

"Siyo makande, mwanangu."

"NYUMBANI KWANGU HAMNA HATA PUNJE!" Na hapo hakuinuka, aliruka. Alikimbia mpaka kwenye tope la mtoni, akakalia tope, tope likachemka. Aliporudi, mikono yote miwili ilikuwa nyuma, lakini jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Sinia langu!"

"Utalipata," akasema Mama Digidigi. "Jamani, mmesikia wote? Kwa Mwenyekiti hamna hata punje."

"Tumesikia!"

"Basi naomba kuuliza. Yale maghala matatu nyuma ya nyumba yake, yaliyojaa mahindi mpaka yanamwagika, ni ya nani?"

Nyani akatazama mafiga. Akisema ni yake, ameapa uongo, na vyungu vyote vya bonde vimefungwa kwake. Akisema si yake, maghala yamekwenda. Akameza mate. Akatazama sufuria.

Ndipo Korongo, kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe, akashusha mguu wa pili chini. "Ni ya shule," akasema. "Nimeona vibaba vikipita kwenda huko, nikanyamaza."

"Ya... ya shule," akasema Nyani. "Nilikuwa nayatunza tu."

"Ahsante kwa kutunza!" wakajibu wazazi, na kabla hajafunga mdomo walikuwa njiani na magunia.

Siku hiyo Tunu alipakuliwa bakuli la kwanza. Hakusema ahsante, mdomo ulikuwa na kazi. Alikula, akalamba, akaomba tena, akapewa tena. Mama yake akalia upya, safari hii kwa furaha, na Bi Nungunungu akalia pia akisingizia moshi. Wazazi wakalifuta shauri la sinia, wakapitisha sheria isiyo na mkia: mtoto akija na bakuli, apakuliwe. Haulizwi chungu, haulizwi tumbo, haulizwi shahidi. Na mwonjaji aonje mwisho, akikuta kitu.

Jumatatu Nyani akatokea nyuma ya mstari na bakuli lake. Safari hii kweli hakuwa na punje. Watoto walipomwona wakaanza:

*Naonja kwa niaba, naonja kwa niaba,*
*mwenye tumbo lake asubiri!*

Bi Nungunungu akasimamisha miiba. "Athibitishe huyu! Lete chungu chako tukione! Lete tumbo tuligonge!"

Bonde zima likacheka. Lakini Mama Digidigi akachukua upawa, akamjazia bakuli mpaka juu.

"Mwenye njaa haulizwi," akasema. "Karibu, Mwenyekiti. Keti ule."

Nyani akala amesimama.

Basi ndiyo maana mpaka leo nyuma ya nyani pako vile, na ndiyo maana watu husema nyani haoni kundule. Yeye peke yake hapaoni. Sisi wengine tunapaona vizuri sana, hasa akipanda juu. Na funzo ni hili: usimtake mwenye njaa aithibitishe njaa yake wakati wewe hujathibitisha shibe yako. Mpe ale kwanza. Maswali yatamkuta ameketi.

Hadithi yangu nimeipakua yote, sufuria hii hapa, kavu. Ikiwa tamu, gawaneni na walioko nje. Ikiwa chungu, niachieni mimi, ndio upawa wangu wa tatu.