Kadi ya Harusi Mbele ya Tume

Mtu mmoja alikuwa na bwawa juu ya bonde lenye watu, akamweka mlinzi wa kuliangalia, jina lake Ambakisye. Ukuta ukaanza kuvuja. Ambakisye alikwenda kwa bwana wake kumwambia, akarudishwa kazini. Akaenda tena, akafukuzwa mlangoni. Masika ukuta ukabomoka, maji yakabeba nyumba na waliolala ndani. Bwana akasema hakuambiwa neno. Mlinzi akatiwa mahabusu kwa vifo vya jirani zake.

Ikaundwa tume, ikatangaza kwamba mwenye karatasi yoyote aje nayo. Watu wakaja na walivyonavyo. Mama mmoja alileta kadi ya kliniki, muuguzi ameandika humo kwamba mtoto amehamishiwa kwa shangazi yake mlimani kwa kuogopa bwawa. Kwaya ikaleta tangazo la kuhamisha mazoezi, sababu ni hiyohiyo. Mwalimu akaleta insha ya mtoto wa darasa la nne kuhusu ufa aliouona ukutani. Mtoto mwenyewe tulikwisha kumzika. Nikifika hapo hasira hunipanda, wala sioni haya kusema.

Tume ikasema hizo ni karatasi za nyumbani, inataka waraka wenye mhuri.

Ndipo akasimama Tusajigwe, mke wa mlinzi. Alikuwa amepika kwenye harusi ya binti wa mwenye bwawa, na kadi ya harusi hiyo bado anayo. Ilichapishwa kwa jina la bwana mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya maafa: kwa sababu ya hali ya ukuta wa bwawa, sherehe haitafanyika tena bondeni, itakuwa mlimani. Akaiweka mezani.

"Mheshimiwa," akasema, "wageni wake aliwahamisha. Sisi alituacha."

Mwenyekiti wa tume akaigeuza kadi, akairudisha. Hakuwa na haja ya kuisoma, kwani naye alialikwa, na pilau ya mlimani aliila.

Taarifa ikaandikwa kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa bwana alijua. Ambakisye akafungwa, na mkewe akaanza safari za kupeleka chakula gerezani.

Msiniambie haki ni kipofu. Ile ilikuwa na macho, na ilikuwa imeshiba. Nawauliza ninyi mnaotikisa vichwa: mtu anayedai ushahidi wa jambo alilolijua tangu mwanzo, anatafuta nini?