Njiwa wa Bwana Mkubwa

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna kimyakimya. Palikuwa na kale! Semeni, "Na iwepo!" Palikuwa na kale huko Ulaya, nchi ya Wafaransa, wakubwa walipovaa nywele za bandia na kuzipaka unga, na watu hawana unga wa kula!

Kijijini alikuwepo mjane, Perrine, mwenye watoto watatu na kishamba cha ngano. Alipanda, njiwa wakaja, wakala. Akapanda tena, njiwa wakaja, wakala. Njiwa wa nani? Wa bwana mwenye ardhi! Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuwafuga, na ukimgusa hata mmoja, unafungwa. Mara ya tatu Perrine akapanda mbegu ya mwisho, kaichovya kwenye chokaa isioze, kama wafanyavyo wakulima wa kule. Mnadhani njiwa waliogopa chokaa? Wapi! Wakaja, wakala. Ila safari hii paka alimkamata mmoja.

Mchana huohuo mkutano ukaitishwa kanisani. Mfalme hazina imemkauka, ametuma neno: kila kijiji kiandike malalamiko yake. Loo, malalamiko! Lakini Gaudin, msimamizi wa bwana, kaketi mbele kakunja uso, nani afungue mdomo? Perrine moyo unamdunda du! du! du! Akifungwa, wanawe watalelewa na nani? Akinyamaza, watakula nini? Akasimama, akamtoa yule njiwa chini ya shali.

"Umemuua njiwa wa bwana!" Gaudin akaruka. "Mkamateni!"

"Paka ndiye aliyemuua, baba. Ngoja kwanza."

Akampasua njiwa palepale, kwenye meza ya karani aliyekuwa akiandika malalamiko. Ngano ikamwagika, nyeupe kwa chokaa!

"Jamani, mbegu yangu hii! Sasa niambie, mzee Gaudin, mbele ya watu wote: njiwa huyu ni wenu? Kama ni wenu, rudisheni ngano yangu na ya kila mtu humu. Kama si wenu, mnanifungia nini?"

Weee! Gaudin akatazama kulia, akatazama kushoto. Kanisa zima limesimama. Ngano ya kijiji kizima ataitoa wapi?

"Huyu... huyu si wetu," akasema.

"Karani, andika!" watu wakapiga kelele. "Andika: si wao!"

Basi wacheni, wajukuu! Jua halijatua, kijiji kizima kinanukia mchuzi wa njiwa. Wenye nyavu walitega nyavu, wasio nazo wakatega mashuka. Gaudin kila mlango anaopita anasikia, "Karibu mchuzi, baba, si wenu hawa!"

Na kiangazi cha mwaka huohuo sheria yenyewe ya njiwa ikafutwa nchi nzima. Perrine akavuna ile ngano iliyonusurika shambani. Wanawe wakala mkate mpaka wakaubakisha mezani, na yeye akautazama ule uliobaki, akalia kwa furaha.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi nawaambia: asipopewa, asimame aidai mbele za watu. Kisa nimekitua, mwenye masikio akibebe, mwenye njaa aende jikoni.