Mhunzi, Domo na Moto wa Siku Saba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, lakini sitawalaumu, mvua hii imemchosha kila mtu. Wewe uliyekaa karibu na kuni, sukuma hicho kigogo kiingie ndani. Nautaka moto huu uwake mpaka nimalize, na sababu mtaiona wenyewe.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanajibizana, palikuwa na ziwa la maji ya kijani, na kando yake aliishi mhunzi aliyeitwa Magafu. Kazi yake ilikuwa kufua majembe. Raha yake ilikuwa kuvua. Nasema raha kwa sababu samaki hakumla. Alimvua, akamtazama, akampima kwa mkono wake toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha akamrudisha majini. Waliokuwa wakivua ili watoto wao wale walitikisa vichwa, lakini majembe ya Magafu yalikuwa mazuri, basi wakamwacha na wazimu wake.

Samaki aliyempenda ni yule waliyemwita domo. Ni samaki wa kijani, ana mstari mweusi ubavuni, na mdomo wake akiufungua ngumi yako inaingia. Ukitaka kumkimbiza mgeni nyumbani kwa Magafu, ulikuwa unamuuliza tu mwenyeji habari za domo. Angeanza na fimbo. Mwanzi mbichi haufai, unalegea kama mgonjwa. Mwanzi ukae juu ya moshi wa jiko miezi mitatu. Mshipi usukwe nyuzi tatu, si mbili, upakwe tope la ziwani ili samaki asiuone. Ndoana iwe sawa na ukucha wa kidole gumba. Ikizidi domo anaogopa, ikipungua domo anadharau. Na chambo, jamani. Anayevua domo kwa mnyoo Magafu alimhesabu sawa na mtu anayekula ugali kwa kijiti. Yeye alichonga chura wa mti, akamfungia manyoya ya mkia wa jogoo, na chura huyo alimvuta majini kwa wimbo: vuta, tulia, vuta.

Aliyemsikiliza bila kuchoka alikuwa mmoja, ndege mdiria, aliyekaa kwenye tete juu ya maji.

"Mimi nina mdomo tu," mdiria alimwambia siku moja. "Navua nikiwa na njaa. Wewe una njaa?"

"Sina."

"Sasa unavua nini?"

Magafu alicheka, akatupa chura wake. Vuta, tulia, vuta.

Mkewe aliitwa Nyanjura. Miaka kumi na mmoja walikaa bila mtoto. Walikwenda kwa waganga, walinywa mizizi, walisemwa na ndugu mpaka ndugu wakachoka kusema. Mwaka wa kumi na mbili, mwanzo wa masika, Nyanjura akajifungua mtoto wa kiume, mdogo, mwenye nywele nyingi. Magafu alimshika akalia mbele ya watu, hakujificha.

Sasa nisikilizeni. Nchi ile ilikuwa na desturi. Masika ndipo siafu wanapohama, na siafu wakiingia nyumba yenye mtoto mchanga, nisimalize. Kwa hiyo mwanamke akijifungua, mume alikaa mlangoni siku saba. Hafui, halimi, haendi popote. Anachochea moto wa mlangoni usizimike, na majivu yake ya moto anayamwaga kuizunguka nyumba, maana siafu hawavuki majivu ya moto. Mvua ikiyaosha, anamwaga mengine. Siku ya saba jioni moto unaondolewa na mtoto anapewa jina.

"Kazi yako ni moja," mkunga alimwambia Magafu alipokuwa anaondoka. "Moto."

"Mimi ni mhunzi, bibi," Magafu akajibu. "Utanifundisha moto?"

Siku nne alikaa. Siku ya tano mikono ilianza kumwasha. Kiwanda cha uhunzi kimefungwa, mvua inanyunya, naye anajua kuwa wakati huohuo, masika yanapoanza, domo wakubwa wanapanda maji ya kina kifupi. Dume linafagia mchanga kwa mkia mpaka linapata bakuli safi, jike linataga humo na kwenda zake, na dume linabaki kulinda. Halili. Lakini chochote kikipita juu ya bakuli lile, linakiuma ili likiondoe. Magafu aliijua siri hiyo kuliko mtu yeyote, na aliiona kuwa ndiyo mbinu bora kuliko zote: huhitaji kumsubiri domo aone njaa.

"Nakwenda kunyoosha miguu," alimwambia mkewe. Akaweka kigogo kikubwa motoni, akamwaga majivu, akashika mwanzi.

Aliliona bakuli la mchanga mweupe hatua chache toka ukingoni, na juu yake dume kubwa la domo. Mvua ilikuwa imekatika, akasimama uso ukielekea jua, kivuli chake kikaanguka nyuma. Vuta, tulia, vuta. Domo akauma.

"Mhunzi," domo akasema akiwa mikononi mwake, "nirudishe upesi. Nyumba yangu haina mlango."

"Nitakurudisha, mimi sili samaki," Magafu akamwambia. "Subiri nikupime kwanza. Umeona ndoana ilivyoingia? Pembeni mwa mdomo, haikuchana kitu."

Akampima, akamgeuza, akamsifu, akamwonyesha mdiria. Kisha akamrudisha. Samaki wadogo waliokuwa wameinamia bakuli wakatawanyika, na theluthi ya mayai haikuwepo.

Nyumbani moto ulikuwa makaa. Magafu akauchochea, ukawaka. Akajiambia, umeona, hakuna kilichoharibika.

Siku ya sita alikwenda tena. Alifika, akatupa, akaimba wimbo wake. Domo akauma.

"Mhunzi, nirudishe upesi. Nyumba yangu haina mlango."

"Jana nilikurudisha au sikukurudisha?"

Akampima tena, akaeleza tena, akamrudisha tena. Nusu ya mayai ilikuwa imekwisha. Nyumbani moshi tu ndio uliobaki, na Nyanjura alikuwa amepiga magoti mlangoni anapuliza, kiuno kimefungwa kitambaa kwa maumivu.

"Baba," alisema, maana tangu mtoto azaliwe ndivyo alivyomwita, "kesho ni siku ya mwisho. Kaa nasi."

"Nitakaa, mama yangu," Magafu akasema, na wakati anasema alimaanisha.

Siku ya saba mvua ilinyesha asubuhi ikaosha majivu yote. Magafu akamwaga mengine, mvua ikiendelea kunyunya. Ilipokatika, akili yake ikaanza kumsumbua na swali: domo yule aliuma chura, au aliuma manyoya? Kama ni manyoya peke yake, kuchonga kote kule kulikuwa kazi bure. Cheka ukitaka. Mtu anaweza kuharibu maisha yake kwa swali dogo kuliko hilo. Aliangalia moto, akaona unawaka vizuri. Aliangalia ndani, mama na mwana wamelala.

"Mara moja tu," akasema.

Ziwani akatupa manyoya bila chura. Domo akauma. Akamrudisha, akatupa chura bila manyoya. Domo akauma. Akamrudisha, akatupa vyote viwili, ili awe na hakika. Domo akauma.

Mara zote tatu domo alisema, "Nirudishe upesi." Mara zote tatu Magafu alimshika huku akibishana na mdiria kuhusu manyoya.

"Unaona?" Magafu akasema. "Ni mwendo, si manyoya. Vuta, tulia, vuta."

Mdiria aligeuza kichwa. Alikuwa anatazama majini.

Magafu akamweka domo majini, lakini safari hii samaki hakukimbia. Alikaa palepale karibu na miguu yake, mapezi yakicheza polepole.

"Mbona huendi?"

"Niende wapi?" domo akauliza.

"Nimekurudisha mzima. Umepoteza nini?"

"Umenirudisha mimi tu," domo akasema.

Magafu akatazama bakuli. Mchanga ulikuwa mweupe, safi, hauna kitu hata kimoja. Samaki wadogo walielea pembeni, matumbo yamejaa. Akageuka kutazama upande wa nyumbani, akatafuta moshi juu ya paa lake, na moshi hakuuona.

Alitupa mwanzi akakimbia.

Alipotokea uani, Nyanjura naye alikuwa anatokea kwa njia ya jirani, akitembea taratibu kama atembeavyo mwenye kidonda, mikononi amebeba kigae chenye kaa la moto. Moto ulikuwa umezimika. Alikuwa ameita, hakuitikiwa, akamwacha mtoto amelala, akaenda mwenyewe kuomba kaa. Wote wawili waliuona kwa pamoja ule mstari mweusi, mnene, ukitoka mlangoni na kwenda zake porini.

"Mmefanya nini?" Magafu aliwauliza siafu.

"Tulikuwa tunapita," siafu wakajibu, maana siafu hawana chuki na mtu. "Tulitafuta moto, haukuwepo. Tulitafuta majivu ya moto, yalikuwa yamelowa. Tulimtafuta mlinzi wa mlango. Tukaingia."

Hapo sitaeleza. Mwenye mtoto anajua, asiye naye asiombe kujua.

Nyanjura hakupiga yowe. Aliweka kigae mlangoni, mahali pa moto, akaketi pale alipopaswa kuketi mumewe.

"Nimerudi," Magafu akasema.

"Umerudi wewe tu," mkewe akamwambia.

Walimzika mtoto jioni ile, saa aliyokuwa apewe jina. Hakuwa na jina, kwa hiyo hakuna aliyejua amlilie vipi. Nyanjura hakumwacha mumewe. Alipika, akamwekea chakula, akamjibu alipoulizwa. Lakini moto wa nyumba ile Magafu hakuruhusiwa tena kuugusa, yeye mhunzi, mpaka walipozeeka.

Ndoana zake zote aliziyeyusha zikawa donge moja la chuma, akalifukia. Vijana walipomjia kuuliza habari za mwanzi na mshipi, aliwaambia neno moja, "Masika yakianza, kaeni mbali na mchanga mweupe." Na mpaka leo ziwani kule hakuna anayetupa ndoana kwenye maji ya kina kifupi masika yakianza, hata mwenye njaa.

Yeye mwenyewe kila masika alikwenda. Aliingia majini hadi kiunoni, ameshika mwanzi usio na mshipi, akasimama kando ya bakuli la mchanga akiwafukuza samaki wadogo kutwa nzima. Mwaka wa tatu alikuja domo mkubwa mwenye kovu pembeni mwa mdomo, akafagia mchanga hapohapo. Magafu akamtambua. Alinyoosha mkono, hata sijui alitaka nini. Domo akamuuma kidole mpaka damu ikatoka.

"Ni mimi," Magafu akasema.

"Najua," domo akajibu. "Rudi nyuma."

Magafu akarudi nyuma hatua tatu, akasimama hapo mvua ikimnyeshea, mpaka mayai yakaanguliwa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye karibu na moto asiuache uzimike.