Presha Ilipopandishwa

Wanawake wenzangu, sogeeni. Hili lisivuke mlango wa kanisa. Hata mumeo usimwambie. Mimi mwenyewe niliapishwa nisilitamke, na nikaapa kweli. Haya, sikilizeni.

Kulikuwa na daktari mmoja hodari, na mwenyewe alijua kuwa ni hodari. Akaletewa mama asiyeweza kupanda ngazi tatu bila kukaa chini. Mlango mmoja ndani ya moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa. Moyo ukisukuma damu mbele, nyingine inarudi nyuma. Kifua hakumpasua. Alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, ili abane mlango kwa kibanio pale unapoachia.

Mama akalazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari akatazama skrini, ambako damu inayorudi huonekana kwa rangi. Jana, mama akiwa macho, rangi ilifurika. Leo imenywea. Akabana mara moja, ikabaki kama uzi. Akajiona bingwa.

"Tumemaliza. Natoa mrija."

"Bado, dokta," akasema mama wa dawa za usingizi, mtu mzima, aliyekaa kichwani pa mgonjwa.

"Bado nini, mama? Si unaona pamekauka?"

"Naona mtu kalala. Presha iko chini kabisa, huo mlango unasukumwa na nini? Akifika kwake atabaki amelala? Hatapanda ngazi? Hatagombana na mawifi?"

Manesi wakachekea ndani ya barakoa. Daktari akasikia masikio yanamwaka moto.

"Haya, pandisha."

Dawa ikaingia, presha ikapanda. Lo! Skrini ikafurika rangi kama jana, mbele ya watu wote, na mkono wa daktari ungali umeshika mrija aliotaka kuutoa. Angemrudisha mama yule nyumbani na ugonjwa wake, tena akiambiwa amepona!

Hakubisha. Akaomba kibanio cha pili, akabana kando ya kile cha kwanza. Safari hii akasema mwenyewe, "Pandisha tena." Presha ikapanda. Uzi ukabaki uzi.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tunajipima lini? Si hapahapa, tumekaa, kwaya imeimba, feni inatupepea? Nani ana hasira Jumapili saa nne? Wote wapole! Tumelala, jamani. Bwana akitaka kuutengeneza moyo wako, anaachia kwanza presha ipande, uone mwenyewe palipoachia. Usimkimbie. Anayeonyesha ndiye atakayebana.

Hamniamini? Asubuhi hii, kabla ya wimbo wa kwanza, dada mmoja mgeni alikaa kwenye kiti kile cha mbele chenye mto mwekundu. Kuna mtu alimwinua kwa ukali: "Wewe, hapo pana mwenyewe!" Dada wa watu yuko kule nyuma, kasimama mpaka sasa.

Msizungushe shingo kumtafuta mkosaji. Tazameni hapa mbele, nimeshika nini mkononi?

Ndio huu mto.