Pindo la Kanga la Mwantumu

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Ghalibu, mwenye duka la nguo na tumbo la kuwatosha watu wawili. Ufunguo wa kasha lake alilala nao, akaoga nao, na mkewe huapa kwamba hata ndotoni huupapasa. Basi tajiri huyo alimdai Mwantumu, muuza vitumbua, reale thelathini alizokopa marehemu mumewe alipougua. Na Mwantumu alikuwa akilipa, jamani! Kidogo kidogo, kila Ijumaa, bila kukumbushwa.

Lakini mwenye nacho haridhiki. Ijumaa moja Bwana Ghalibu akamwona sokoni ananunua samaki. Changu mmoja tu, mdogo, macho makubwa kuliko mwili.

"We mwanamke!" akapiga kelele. "Unakula samaki na pesa zangu ziko kwako?"

"Zako za leo nimekulipa asubuhi, bwana. Huyu ni wa wanangu."

"Mwenye deni hali samaki!"

"Ee! Basi samaki wataliwa na nani? Mji huu nani hana deni?"

Soko zima likacheka. Bwana Ghalibu akaona aibu, na aibu ya tajiri haiponi mpaka mtu ashitakiwe. Akampeleka Mwantumu kwa kadhi, akadai moja kati ya mawili: ama asitumie hata pesa moja bila ruhusa yake mpaka deni liishe, ama anyang'anywe chuma chake cha kuchomea vitumbua. Bila chuma hakuna vitumbua, na bila vitumbua wanawe wanalala njaa.

Kadhi, ambaye kanzu aliyovaa ilitoka duka lile lile na mpaka leo haijalipiwa, akajikohoza.

"Hukumu ni hii. Asiyejua kutumia, fedha zake zishikwe na anayejua. Mwanamke, unasemaje?"

Machozi yalikuwa karibu, lakini akili ilikuwa karibu zaidi.

"Nimekubali, Bwana Kadhi. Ila nauliza tu: hukumu hiyo ni ya watu wote, au yangu mimi peke yangu?"

"Sheria haichagui!" akasema kadhi, kifua mbele.

"Alhamdulillahi."

Akafungua pindo la kanga, akamkabidhi Bwana Ghalibu vijipesa vyake vyote mbele ya mashahidi. Tajiri akavipokea akichekelea.

Haya! Kesho yake alfajiri, mlango wa tajiri: ngo, ngo, ngo!

"Nani?"

"Mwantumu. Nimekuja kuomba ruhusa ya chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Ya kunde."

"Kunde zina ladha yake! Chumvi hakuna."

"Na mchele na nazi za vitumbua vya leo?"

"Mchele sawa. Nazi za nini? Tia maji."

"Kitumbua cha maji, bwana?"

"Kati yetu, anayejua kutumia ni nani?"

"Ni wewe, bwana."

Akachoma kama alivyoamriwa. Lo! Vikatoka vigumu hata mzee mmoja jino lake la mwisho likabaki ndani ya kitumbua. Wateja wakaja juu, wanataka warudishiwe pesa zao.

"Pesa hazikai kwangu siku hizi, ndugu zangu," Mwantumu akawaambia kwa upole. "Zinakaa kwa Bwana Ghalibu, ndiye anayejua kutumia."

Wakamwendea barazani kwake, kila mmoja na kitumbua mkononi. Akawalipa upesi, maana walishaanza kupima umbali wa kurusha.

Wametoka hao, akaingia mchota maji: ujira wangu. Mwenye nyumba: kodi yangu. Fundi wa makuti: mvua zinakuja, bwana, na paa la Mwantumu linavuja. Vijipesa vya pindo vikaisha kabla ya adhuhuri. Mara akaingia shangazi wa bibi harusi wa mtaa wa pili, na wenzake nyuma yake.

"Mwantumu hajakosa kuchangia harusi hata siku moja. Mwaka huu mchango wake uko kwako. Tena wewe ni tajiri, baba, usitutie aibu!"

Angefanyaje? Baraza limejaa watu, na wale wanawake midomo yao ingefika mji wa pili kabla yao. Akatoa ufunguo, akafungua kasha, huku akiugua kama mtu anayeng'olewa ukucha.

Hakumaliza wiki. Akakimbia kwa kadhi, kilemba kimemwangukia shingoni, na Mwantumu akaitwa.

"Bwana Kadhi, nimetoa reale nane zangu mwenyewe! Ziongezwe kwenye deni la huyu!"

Kadhi akamgeukia Mwantumu. "Reale nane umezila wewe?"

"Mimi? Mimi ninakula kunde chapwa. Niliomba chumvi, nikanyimwa. Muulize."

"Ni kweli?"

"Ni kweli," tajiri akakiri. "Lakini watu wake hawaishi, bwana! Maji, kodi, makuti, harusi! Pesa za mwanamke huyu hazitoshi hata nusu!"

"Zinatosha," akasema Mwantumu, na kicheko kilikuwa kinampanda toka tumboni. "Kwa pesa hizo hizo nililipa maji na kodi, nikachangia harusi, nikakulipa wewe kila Ijumaa, na changu wangu nikanunua. Wewe umezishika siku chache tu, umeingia hasara."

"Basi zishike mwenyewe! Lipa kama zamani, kula hata papa mzima! Hizo nane nimesamehe, niondolee watu wako tu!"

Watu wakaangua kicheko. Kadhi akajifunika uso kwa mkono wa ile kanzu.

"Shauri limekwisha. Nendeni zenu."

"Bado, Bwana Kadhi," akasema Mwantumu, akifunga pindo lake taratibu. "Asiyejua kutumia, fedha zake zishikwe na anayejua. Na sheria haichagui."

Akamnyooshea Bwana Ghalibu kiganja.

"Lete ufunguo."