Mkalimani Mpole wa Shamba la Tumbaku

Nipeni masikio kidogo, ndugu zangu, niwasimulie habari za mtu aliyependwa na kila mtu. Ni mfano tu wa kutunga, lakini msije mkatoka hapa mkasema haumhusu mtu.

Zama za Mdachi, huko milima ya Usambara, palikuwa na shamba la tumbaku. Mwenye shamba alikuwa ameleta vibarua wa Kichina kutoka Singapuri, wamefungwa kwa mkataba ambao wengi wao hawakuweza hata kuusoma. Nani angesema nao? Akapatikana mpishi mmoja wa pwani aliyewahi kufanya kazi melini, akaokota Kimalei cha sokoni ambacho vibarua wale nao walikijua. Basi akatolewa jikoni, akafanywa mkalimani, akapewa kofia na nyumba ya bati.

Alikuwa mpole, hakupenda ugomvi. Neno kali likipita kinywani mwake lilitoka limepoa. Bwana akitukana, yeye aliwaambia vibarua, "Bwana anaomba tuongeze bidii." Vibarua wakilaani, yeye alimwambia bwana, "Wanakusalimu." Watu wakamsifu kwamba tangu ashike kazi ile shamba limetulia. Na nani hapendi kusifiwa hivyo?

Sasa, shamba lile lilikuwa na sheria yake: asiyekwenda kazini hapewi posho ya chakula. Hata mgonjwa. Kuhara kukaingia kambini, na kibarua mmoja mrefu akawa na mdogo wake amelala kwenye banda la wagonjwa. Kila siku alimgawia nusu ya mchele wake, kisha akaenda kuokota viwavi kwenye majani ya tumbaku, tumbo limeshikana na mgongo. Mwisho akamfuata mkalimani barazani kwake.

"Mwambie bwana mdogo wangu atakufa kwa njaa, si kwa ugonjwa. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

"Nitamwambia, ndugu yangu. Wewe nenda kapumzike."

Na kweli alikwenda. Akamkuta bwana amefura kwa hasira, tumbaku imeoza kwenye banda la kukaushia. Mkalimani akaikumbuka nyumba yake ya bati, akawakumbuka watoto wake. Ujasiri ukamwishia.

"Wanasemaje hao?" bwana akauliza.

"Hawana neno, bwana. Wanashukuru. Ila wagonjwa wakipata mchele kidogo, watafurahi."

"Anayelala hali chakula. Waambie."

Unadhani aliwaambia? Alirudi kwa yule mrefu akasema, "Bwana amesikia. Vumilieni, atalitazama." Yule mrefu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru. Mkalimani akala chakula chake cha mchana kwa raha.

Wakangoja. Kila walipouliza, jibu lilikuwa lile lile, atalitazama. Laiti wangejua kwamba wamekwisha kukataliwa! Labda wangembeba yule mgonjwa wakashuka naye pwani mapema, wakatafuta msaada kwingine. Lakini walikuwa wakingojea jibu lililokwisha kutolewa zamani. Mdogo mtu akafa.

Walipomaliza kuzika, yule mrefu na wenzake waliweka majembe chini, wakashika njia ya pwani kwenda kushtaki. Askari wakawakamata njiani kama watoro, wakarudishwa wamefungwa kamba. Afisa wa serikali akaja kusikiliza shauri uani, mbele ya watu wote.

Mwenye shamba akasema, "Sijapata kusikia lalamiko hata moja kwa watu hawa. Muulize mkalimani."

Mkalimani akasimama. Na hapa tumtendee haki, ndugu zangu, dhamiri ilimshika. Akasema yote: posho, banda la wagonjwa, yule kijana aliyekufa. Hakuficha kitu.

Afisa akamwangalia. "Miezi yote hii ulimwambia bwana wako kwamba hawana neno. Leo wamekamatwa, ndiyo wana neno. Ulikuwa mwongo wakati ule, au ni mwongo sasa?"

Afisa hakungoja jibu. Akahukumu vibarua wapigwe viboko, na wakishachapwa warudi kazini. "Watafsirie," akasema.

Yule mrefu alikuwa amemwona akisema kwa muda mrefu, akapata matumaini. "Amesemaje?" akamuuliza. Na siku hiyo mkalimani alitafsiri neno kwa neno.

Msimcheke. Inasikitisha, maana ukweli aliusema, ila aliuchelewesha mpaka ukakosa mtu wa kuuamini. Na sisi je? Mjumbe wa mtaa, katibu wa kikundi, mama ambaye dada wa kazi amemwambia anaumwa, naye baba hataki kusikia habari za hospitali. Tunaogopa kumkera mkubwa, tunauita woga wetu upole. Kisha tunamrudia mwenye shida na matumaini tuliyoyapika wenyewe, anatushukuru, na sisi tunapokea shukrani. Mungu atusamehe.

Wiki hii kuna mtu alikuambia, "Nisemee." Umeshamkumbuka, hapo hapo ulipokaa. Ulipofika kule ulisema nini? Ukitoka hapa nenda kwake kwanza, umpe jibu la kweli ulilopewa, hata kama ni hapana. Kisha rudi kwa mkubwa ukaseme ulichotumwa, bila kukipunguza. Nenda leo, maana leo bado anakuamini.