Nani Abaki na Sukuma Meza?

Tegeni masikio, na anayejua kucheza asubiri kwanza. Leo nataka vichwa, miguu baadaye.

Bendi ya Bigwa Jazz, pale Morogoro, ilikuwa na watu watatu wa kuogopwa. Kobelo alitunga na kuimba. Akishika maikrofoni, hata mlinzi wa mlangoni alisahau kudai tiketi. Shomvi alicharaza gitaa la solo, na majivuno yake tumsamehe, alistahili. Mwanaidi alipiga tumba, na hakuna aliyewahi kumwona akikubali kushindwa.

Idi Pili moja, kwenye dansi la mchana, Kobelo aliimba wimbo mpya aliomtungia marehemu dada yake. Ukumbi mzima ulitulia vitini. Watu walifuta machozi, soda zikapata moto mezani. Beti zikaisha, naye akashusha maikrofoni.

Shomvi akakataa wimbo uishie hapo. "Tuwaache wanalia siku ya Idi?" Akalipandisha gitaa kasi, akaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, ambayo hawakuwa wameifanyia mazoezi hata kidogo. Mabega yakaanza kuchezacheza, watu wakainuka.

Mara umeme ukakatika. Gitaa kimya. Watu wakaguna, wakaelekea mlangoni. Mwanaidi akazibeba tumba zake hadi katikati ya ukumbi. "Mnakwenda wapi? Sukumeni meza, tupate nafasi!" Wakarudi, wakasukuma, wakacheza kwa tumba na makofi mpaka wakalowa jasho. Nilikuwepo, na sijapata kufurahi vile tena.

Ndivyo ulivyozaliwa mtindo wa Sukuma Meza. Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi iliyokamilika bila huo.

Kisha wale watatu wakagombana. Bendi ikavunjika, kila mmoja akaunda yake, na zote tatu zikajiita Sukuma Meza. Mashabiki wakachoka kuchanganywa, wakawaita wote, wakaamua: mmoja tu abaki na jina pamoja na wimbo ule, wawili wasiupige tena maisha yao. Wote wakakubali haraka, kila mmoja akiwa na hakika ni yeye.

"Ule ni msiba wangu," Kobelo alisema. "Bila wimbo mngecheza nini?"

"Wimbo wako uliwakalisha, kaka," akajibu Shomvi. "Nani aliwainua?"

Mwanaidi akacheka. "Wakainuka, wakaenda zao! Nani aliwarudisha?"

Mashabiki wamebishana mpaka sauti zimewakauka. Idi ni keshokutwa, bango la dansi limeshapakwa rangi, limebaki jina la mwenye Sukuma Meza tu. Haya, shika brashi wewe: unaandika la nani?